Sumaku Inavyousoma Moto wa Kale

Anayefika Songo Mnara, kisiwa kilichoko kusini mwa Kilwa Kisiwani, huyaona mawe kwanza. UNESCO, iliyoviandikisha visiwa hivi viwili kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, inataja misikiti mitano, jumba moja la kifahari na nyumba zipatazo 33 za matumbawe na mbao, zote ndani ya ukuta wa mji. Watu waliishi hapo tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, kisha mji ukahamwa. Katikati ya majengo hayo kuna uwanja mpana wenye makaburi, na mgeni hupita juu yake akiwa na haraka ya kwenda kupiga picha kwenye milango ya mawe.

Ukipita hapohapo na kifaa cha kupima usumaku wa ardhi, mpangilio unageuka. Kuta za matumbawe hazioneshi cha maana: chokaa haina usumaku wa kuzungumzia, na ukuta uliofukiwa ukionekana basi huonekana kama mstari hafifu wenye thamani pungufu kuliko udongo unaouzunguka. Uwanja ule mtupu ndio unaojaa madoa. Nitaeleza kwa nini iko hivyo, na kwa nini nadhani kwa pwani yetu jambo hili lina uzito kuliko katika nchi nyingi ambako mbinu hii ilizaliwa na kukulia.

Tuanze na udongo wenyewe. Karibu kila udongo una chuma ndani yake, kwa kawaida katika umbo la kutu: hematiti, ile inayoupa udongo wekundu, na goethaiti yenye rangi ya kahawia. Madini haya mawili yana usumaku dhaifu sana. Ukiuchoma udongo huo pamoja na majani, kuni au samadi, moto hula oksijeni, na sehemu ya kutu ile hugeuka kuwa magnetaiti, ambayo ni sumaku hasa. Moto ukizimika na hewa kurudi, magnetaiti nyingi hubadilika tena kuwa maghemaiti, nayo ni sumaku vilevile. Mfaransa Eugène Le Borgne ndiye aliyelionesha hili katika miaka ya 1950: udongo wa juu, hasa mahali palipokaliwa na watu, una usumaku kuliko udongo wa chini yake, na moto ni sababu kubwa mojawapo. Vijidudu vya udongoni navyo huchangia, kwa kuwa hustawi penye taka na kinyesi. Ndiyo maana jaa la zamani, hata kama halijawahi kuchomwa, mara nyingi huonekana kwenye ramani ya usumaku.

Jambo la pili ambalo moto hufanya linahusu kumbukumbu. Kila madini ya sumaku yana joto ambalo likivukwa usumaku wake hupotea; kwa magnetaiti ni nyuzi 580 za Selsiasi, kwa hematiti ni karibu nyuzi 680. Kiwango hicho kimepewa jina la Pierre Curie. Udongo ukipashwa moto hadi hapo kisha ukapoa, chembe zake hujipanga kufuata uga wa sumaku wa dunia wa saa ile ile ya kupoa, na hubaki hivyo. Ni kama saruji mbichi iliyokanyagwa: ikishakauka, unyayo haufutiki mpaka uivunje. Meko, tanuri la mfinyanzi, sakafu ya nyumba iliyoungua na kigae cha chungu vyote hubeba alama ya namna hii. Si lazima joto lifike nyuzi 580, kwani hata moto wa nyuzi 300 huacha sehemu ya alama hiyo.

Kwa hiyo kuna maswali mawili tofauti, na watu huyachanganya mara kwa mara. La kwanza ni wapi: wapi ardhini pana usumaku usio wa kawaida? La pili ni lini na vipi: kipande hiki cha udongo kilipoa wakati uga wa dunia ulikuwa na nguvu gani na ukielekea wapi? Swali la kwanza hujibiwa kwa kutembea, la pili kwa kukaa maabara.

Kutembea kwenyewe kuna historia fupi. Mwaka 1958, huko Water Newton karibu na Peterborough, Uingereza, barabara kuu ilikuwa inapanuliwa na ilijulikana kwamba Warumi walikuwa na viwanda vya vyungu maeneo hayo. Martin Aitken wa Oxford alikwenda na magnetomita ya protoni, kifaa ambacho kiini chake ni chupa ya maji iliyozungushiwa waya, akatafuta tanuri chini ya nyasi na akalipata. Kila kipimo kilichukua sekunde kadhaa, na namba ziliandikwa kwa mkono. Leo mpimaji hubeba gradiomita: nguzo yenye vihisi viwili, kimoja juu ya kingine, vikiachana kwa mita moja hivi. Kihisi cha chini kiko karibu na ardhi, cha juu kiko mbali kidogo, na kifaa hurekodi tofauti tu kati yao.

Tofauti hiyo ndiyo siri ya kazi. Uga wa dunia kwenye pwani ya Tanzania una nguvu ya nanotesla 33,000 hivi, nao hupanda na kushuka kwa makumi ya nanotesla kati ya asubuhi na jioni kwa sababu ya jua. Meko ya kale inaweza kuongeza nanotesla tano. Ungepima kwa kihisi kimoja usingeweza kujua kama tano hizo zimetoka ardhini au angani. Mabadiliko ya angani hufika kwenye vihisi vyote viwili kwa kiasi kilekile, ukitoa kimoja kwa kingine hujifuta, na kinachobaki ni cha ardhini.

Uwanja hugawanywa kwa kamba katika miraba, mara nyingi ya mita 20 au 30 kila upande, na mpimaji hupita kwa mistari iliyoachana nusu mita au mita moja, kwa mwendo usiobadilika, kifaa kikirekodi kila robo mita au chini ya hapo. Kabla ya kuanza huvua mkanda, saa na funguo, huacha simu kwenye gari, hukagua kama viatu vina vikuku vya chuma na kama suruali ina zipu ya chuma. Hii si mizungu. Zipu iliyo sentimita 30 kutoka kwenye kihisi ina kishindo kuliko nyumba nzima iliyofukiwa chini ya nusu mita ya udongo, kwa sababu nguvu ya kitu kidogo chenye usumaku hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali: ukiuzidisha umbali mara mbili, nguvu inabaki moja ya nane. Kwa gradiomita hali ni ngumu zaidi, inabaki moja ya kumi na sita. Ndiyo maana wanaosema mashine hizi huona chini mita kumi wanauza maneno. Kwa vitu vya kawaida vya akiolojia, mita moja au mbili ndio mwisho.

Sasa turudi Songo Mnara. Mradi ulioongozwa na wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, upimaji ukiwa mikononi mwa Kate Welham na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bournemouth, ulipima sehemu kubwa ya maeneo ya wazi ya mji, kisha ukachimba mahali ambapo ramani ilionesha madoa. Kilichotoka kwenye baadhi ya mashimo hayo ni nyumba za udongo, zilizojengwa kwa miti na fito na kukandikwa, ndani ya mji uleule ambao kila maelezo yake yalianza na kuishia kwenye mawe.

Ukikishika kipande cha ukuta wa namna hiyo utaelewa kwa nini mashine imekiona. Nyumba ya udongo isipoungua, mvua huirudisha ardhini na haibaki hata tuta. Ikiungua, udongo wa ukutani huiva kama chungu. Fito zilizokuwa ndani hugeuka majivu, lakini upande wa ndani wa kipande hubaki na mfereji laini wenye upana wa kidole, pengine miwili sambamba, na kati yake alama ya kamba iliyofungia. Upande wa nje huwa bapa, pengine na alama za vidole vya aliyekandika. Nyumba moja huacha mamia ya vipande kama hivi, na kila kimoja ni sumaku ndogo iliyopoa siku ile ya moto. Hata ambapo nyumba haikuungua, meko ya ndani, majivu yaliyokanyagwa na kutapakaa sakafuni, na udongo wenye chuma ulioletwa juu ya mchanga wa matumbawe, vyote huleta tofauti inayopimika.

Ni lazima tukumbuke akiolojia ya pwani ilianzia wapi. James Kirkman alipochimba Gedi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, na Neville Chittick alipochimba Kilwa katika miaka ya 1960, macho yalikuwa kwenye misikiti, majumba na makaburi ya nguzo. Haikuwa ujinga, mawe yalikuwa yanaonekana na yalikuwa yanaanguka. Matokeo yake hata hivyo yalikuwa historia ya wenye nyumba za mawe, ikachukuliwa kuwa ndiyo historia ya Waswahili, na kutoka hapo haikuwa safari ndefu kusema kwamba miji ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo. Mwaka 1999 Fleisher na Adria LaViolette waliandika, wakitumia utafiti wao wa Pemba, kwamba walio wengi katika jamii hizi waliishi kwenye nyumba za udongo na kwamba akiolojia ilikuwa imewaruka. Waliwatafuta kwa njia ya kuchosha: kutembea mashambani na kuchimba vishimo vidogo kimoja baada ya kingine.

Magnetomita ina upendeleo ulio kinyume kabisa na ule wa macho. Jicho huona jumba la matumbawe na kulipita jaa. Kifaa hulipita jumba na kusimama kwenye jaa, kwenye meko, kwenye kibanda kilichoungua, kwenye kiwanda cha mhunzi. Kwa nchi ambayo matajiri walijenga kwa jiwe lisilo na usumaku na wengine wakajenga kwa udongo wenye chuma, upendeleo huo ni bahati ya kijiolojia ambayo haipo Uingereza wala Italia, ambako matofali na vigae vya tajiri ndivyo vinavyopiga kelele zaidi kwenye ramani. Sidhani kama jambo hili limetiliwa maanani vya kutosha nje ya duru za wataalamu.

Mhunzi anastahili aya yake. Mavi ya chuma, yale mabonge meusi yanayobaki baada ya kuyeyusha mawe ya chuma, yana usumaku mkali, na lundo lake huonekana kwenye gradiomita bila shida yoyote. Chuma kikishapatikana na kupigwa kwenye fuawe, kila pigo la nyundo hurusha magamba membamba, mengine madogo kuliko punje ya mtama. Mhunzi huyafagia makubwa, madogo hukanyagwa ndani ya sakafu. Karne sita baadaye mwanaakiolojia hugawa sakafu hiyo katika miraba midogo, huchukua udongo wa kila mraba, huukausha, hufunga sumaku kwenye mfuko wa plastiki na kuipitisha juu yake. Magamba hurukia mfuko. Ukigeuza mfuko ndani nje huanguka kwenye karatasi na unayapima uzito. Mraba wenye magamba mengi ndipo fuawe iliposimama, na palipo na pengo ghafla huenda ndipo miguu ya mhunzi mwenyewe ilipokuwa. Mbinu yenyewe ni ya senti chache, na kwangu mimi inashinda ramani nyingi za rangi.

Kazi hii ya shambani ina matatizo yake huku kwetu, na mengine hayamo katika vitabu vilivyoandikiwa Ulaya. Kaskazini mwa Ulaya uga wa dunia huingia ardhini karibu wima, kwa hiyo shimo lililofukiwa huonekana kama doa moja juu yake. Kwenye sehemu kubwa ya pwani ya Tanzania uga umelala, mwinamo wake ni kati ya nyuzi 30 na 40 hivi, na ncha ya kaskazini ya sindano huru huinuka badala ya kuzama. Matokeo ni kwamba kitu kimoja kilichofukiwa huleta madoa mawili, chanya na hasi, moja upande wa kaskazini na jingine upande wa kusini, na kitu chenyewe hakipo chini ya doa lolote bali kati yake. Mtaro unaoelekea kaskazini-kusini hufifia ukilinganishwa na unaoelekea mashariki-magharibi. Asiyelijua hili atachimba pembeni na kuandika kwamba mashine imedanganya.

Kisha kuna moto usio wa kale. Tanuri la mkaa la miaka ishirini iliyopita huacha doa zuri la duara linaloweza kumpumbaza mtu yeyote. Radi ikipiga ardhi huisumakisha kwa mikono inayosambaa kutoka kituo kimoja. Kwenye nyanda za volkeno, jiwe lenyewe lina usumaku mkali kiasi cha kuimeza meko yoyote, na visiwa vya matumbawe ni pepo ukivilinganisha na huko. Kila mahali kuna misumari, vipande vya bati, waya na vizibo vya soda. Ramani peke yake basi haijatosha kamwe. Songo Mnara walichimba ili kuhakiki, wakapima pia kwa kifaa cha sumaku-umeme, na wakachunguza kemia ya udongo wa uwanjani. Nje ya pwani, huko Luxmanda katika mkoa wa Manyara, makazi ya wafugaji wa miaka 3,000 hivi iliyopita ambayo hayakuacha ukuta wowote, gradiomita imetumika kwa tahadhari hiyohiyo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2022.

Swali la lini ni la polepole zaidi. Mwaka 1959 Émile na Odette Thellier, mume na mke, walichapisha njia ambayo bado ndiyo msingi. Chukua kigae. Kipashe moto hatua kwa hatua katika tanuri lisilo na uga wa sumaku, na kila hatua pima usumaku wa kale uliopotea. Kisha kipashe tena kwa joto lilelile na ukiache kipoe ndani ya uga unaoujua, upime usumaku mpya kilioupata. Tuseme kimepoteza vipimo 50 na kupata 40, na uga wa maabara ulikuwa mikrotesla 32. Basi siku chungu kilipoiva uga wa dunia ulikuwa mikrotesla 40. Hesabu ni ya shule ya msingi. Ugumu uko katika kuhakikisha kwamba kupasha moto maabara hakujazalisha madini mapya, jambo linaloharibu sampuli nyingi.

Kigae kilichotupwa jaani hutoa nguvu ya uga tu, maana hakuna ajuaye kilikuwa kimekaa upande gani tanurini. Meko au sakafu isiyosogea hutoa pia mwelekeo, iwapo sampuli imewekewa alama ya kaskazini na usawa kabla ya kuinuliwa. Ukiwa na mkunjo wa kumbukumbu, yaani mchoro wa jinsi uga wa eneo hilo ulivyobadilika karne kwa karne, unaweza kusoma tarehe ya moto wa mwisho. Ulaya ina mikunjo hiyo kwa nchi nyingi. Kusini mwa Sahara data ni chache, na kwa hiyo kazi huenda kinyume: tunatumia vitu vyenye tarehe zinazojulikana kujenga mkunjo.

Mfano bora ninaoujua unatoka bonde la Limpopo. Wakulima wa Enzi ya Chuma waliishi humo miaka elfu moja iliyopita na baadaye, na akiolojia inaonesha kwamba wakati wa ukame vijiji vilichomwa kwa tambiko la kuitakasa ardhi: vibanda na maghala ya nafaka. Sakafu za udongo za maghala hayo ziliiva kwa joto kali na kupoa zikiwa mahali pake. Mwaka 2015 John Tarduno wa Chuo Kikuu cha Rochester na wenzake, akiwemo mwanaakiolojia Thomas Huffman, walichapisha vipimo vya sakafu hizo. Walitaka kujua kuhusu eneo la Atlantiki Kusini, kati ya Amerika ya Kusini na kusini mwa Afrika, ambako uga wa dunia leo ni dhaifu kiasi kwamba satelaiti zikipita juu yake hupata hitilafu. Sakafu za maghala zilionesha kwamba uga wa kusini mwa Afrika uliwahi kushuka kwa kasi na kubadili mwelekeo karne kadhaa zilizopita. Watafiti wakapendekeza kwamba chanzo kiko chini kabisa, mpakani mwa kiini cha dunia, chini ya kusini mwa Afrika. Watu walioomba mvua waliacha, bila kujua wala kuhitaji kujua, rekodi ya kilicho kilomita karibu 2,900 chini ya miguu yao.

Afrika Mashariki ina akiba kubwa ya vitu vya namna hiyo. Kagera, ambako Peter Schmidt alifanya kazi kwa miaka mingi juu ya uyeyushaji wa chuma wa Wahaya na waliowatangulia, kuna misingi ya matanuri ya kale yenye tarehe za kaboni. Pwani kuna sakafu zilizoungua, meko na matanuri ya chokaa. Kila moja ni kipimo kinachoweza kuingia kwenye mkunjo, kwa sharti moja: mtu awepo na dira ya jua na plasta za kuiwekea sampuli alama ya kaskazini na usawa kabla sakafu haijavunjwa na shimo kufukiwa. Hilo linahitaji nusu siku katika msimu wa uchimbaji, na vibali vya kusafirisha vipande vya ukubwa wa ngumi. Na kabla ya hapo, kwa ule upimaji wa kutembea, linahitaji kwamba uzio wa waya, mabango ya chuma na paa za bati za kuhifadhi magofu zisiwekwe mpaka gradiomita imepita, kwa sababu ukishazungusha waya kwenye uwanja wa makaburi, mita kadhaa za ndani ya uzio huo hazitasomeka tena.